Maji ya hewa kwa juisi ya marakuja: hesabu tuliyowaletea Mapendo

Maneno ya timu ya tereni mbele ya wanachama wa mutuelle, Mapendo, Goma. Tumeyaandika jinsi yalivyosemwa. Salamu ndefu na maswali mengine tumeyakata.

Leo hatukuja na karatasi ya kusaini wala na sabuni ya kugawa. Tumekuja kwa sababu ya ile mashini.

Wote munajua tunasemea nini. Kuko video iliyozunguka kwenye simu zenu, mashini inakaa kwenye kona ya nyumba, hakuna bomba, hakuna kisima, na maji safi yanatiririka. Kikundi cha juisi kikaiona. Mama mmoja akasimama katika mkutano na kusema: "Kama maji iko mu hewa, juu ya nini tuko tunaihangaikia ku ziwa?" Watu walipiga makofi. Na sisi, tuseme ukweli, tulipiga makofi pia. Tukaandika barua kwa wafadhili, wakatoa dola 600, na komite ikaamua kuongeza kutoka sanduku la akiba. Hayo yote tuliyafanya kabla ya kuchukua kalamu na kupiga hesabu. Sisi njo tulisoma, nyinyi mulituamini, kwa hiyo kosa hilo tunalibeba sisi.

Juu ya nini tulikimbia hivyo? Kwa sababu ya ile juisi iliyovimba. Wale waliokuwa hapa wanakumbuka. Chupa zilifungwa vizuri, zikapelekwa kwa wauzaji, na siku ya tatu vifuniko vikaanza kuruka. Wateja wakarudisha, wengine wakatukana. Kikundi kile ni cha wamama waliorudi, wamoja kutoka Nyarugusu, wengine kutoka Nakivale, wengine walitoka tu hapa Kanyaruchinya kambi ilipofungwa. Mtu aliyerudi bila shamba na bila nyumba, mtaji wake ni jina lake kwa wateja. Jina lile lilipotea ndani ya juma moja, kwa sababu robine ilikauka na maji yakachotwa ziwani kwa haraka.

Basi tuanze na ziwa, maana wengi hapa wanasema "maji ya ziwa ni maji kama mengine, ukiweka kloro imekwisha". Haiko hivyo. Maji ya Kivu yana chumvi za volkano ndani yake, na pH yake iko karibu na 9. Maji ya kawaida yako karibu na 7. Sasa, kloro inapenda maji yasiyo na ukali wa namna hiyo. Kwenye pH ya 9 sehemu ile ya kloro inayoua vijidudu kwa nguvu inabaki ndogo sana, kwa hiyo dawa ileile inahitaji muda mrefu zaidi kufanya kazi. Wale vijana wanaoweka kloro kwenye bidoni pale ufukweni wanafanya kazi nzuri, wameokoa watu wengi na kolera. Lakini ukitoka pale na chukudu, ukafika nyumbani ukamimina maji palepale kwenye marakuja, haujaipa dawa nafasi yake.

Na kuko jambo la pili ambalo hata sisi hatukulijua mpaka tulipouliza mtu wa maabara. Marakuja ni kali, na ule ukali njo unailinda. Vijidudu vibaya vingi haviwezi kuishi ndani ya kitu kikali namna ile. Maji ya ziwa yana bikaboneti nyingi, kama vile mtu ametia magadi kidogo, na magadi hula ukali. Mukiweka kipimo kimoja cha marakuja na vitatu vya maji ya ziwa, munaonja bado ni tamu, lakini ulinzi wa juisi umepungua. Ongeza sukari, ongeza joto la mchana, chachu inafanya sherehe. Vifuniko viliruka kwa sababu hiyo, mama, si kwa sababu ya jicho baya la jirani.

Kwa hiyo kutafuta maji mengine lilikuwa wazo zuri. Swali ni kama hewa ya Goma inaweza kuyatoa.

Inaweza. Hatusemi kwamba video ilidanganya kwa hilo. Ukitoa chupa baridi kwenye frigo, inatoka jasho. Lile jasho halikutoka ndani ya chupa, limetoka hewani. Mashini inafanya vilevile: inavuta hewa, inaipitisha kwenye bomba la baridi, mvuke unageuka matone, matone yanaingia kwenye filta. Hakuna uchawi. Na sisi Waafrika hatukuambiwa tu habari hii na wazungu. Kenya kuko kampuni inaitwa Majik Water, iliyoanzishwa mwaka 2017 na dada Mkenya, Beth Koigi, pamoja na wenzake wawili, kwa ajili ya sehemu kavu ambazo mito imekauka. Hata jina lake limetoka kwenye neno letu maji.

Kuko pia njia ya nyavu, bila umeme kabisa. Kule Chile, kijiji cha Chungungo kilitandika nyavu kubwa mlimani ambako ukungu wa bahari unapita, na katika miaka ya 1990 walipata wastani wa karibu lita 15,000 kwa siku, kwa watu kama mia tatu hivi. Hukohuko Chile, Peña Blanca, watu wanapika bia kwa maji ya ukungu, wakaiita Atrapaniebla, yaani mkamata ukungu. Munaona, kinywaji kwa maji ya hewa kipo kweli, kinauzwa. Na Tanzania, upande wa Babati, shule ziliwekewa nyavu kama hizo. Lakini nyavu zinataka ukungu unaotembea na upepo, mahali palepale, miezi mingi. Mapendo hatuna ukungu huo. Tuna vumbi na moshi wa makala. Milimani kule juu ukungu uko, lakini nani atalinda nyavu kule, na nani atayashusha maji? Chungungo wenyewe, baada ya miaka kama kumi, nyavu zilichakaa, komite ikachoka, na kijiji kikarudia maji ya lori. Hiyo sehemu haiko kwenye video.

Mzee mmoja alituuliza kuhusu mvuke wa volkano. Ni swali la maana. Kule Eburru, mlimani juu ya Naivasha, Kenya, watu wanaweka mabomba kwenye matundu ambamo mvuke wa ardhi unatoka, unapoa, wanapata maji ya kupikia na ya kunywesha mifugo. Wameishi hivyo miaka mingi. Lakini mzee, unajua mwenyewe kinachotoka ardhini kwetu pamoja na joto. Mazuku. Ile hewa nzito inayojaa kwenye mabonde bila harufu na kuua mbuzi, na watoto. Hatutamtuma mtu yeyote kuchimba tundu la mvuke ili apate maji ya juisi.

Sasa turudi kwenye mashini.

Rafiki mmoja mfanyabiashara alikubali kutuazima mashini ndogo ya namna hiyo kwa majuma matatu. Imeandikwa mgongoni: lita 30 kwa siku. Tuliiweka kwenye chumba cha nyuma cha ofisi, dirisha wazi. Siku nzuri ilitupa kama lita 11. Usiku wa baridi, chini ya hapo, na mara mbili bomba liliganda barafu tukaizima. Tukafikiri imeharibika. Haikuwa imeharibika. Tulisoma maandishi madogo, yale yanayoandikwa kwa ajili ya watu wasiosoma: zile lita 30 zimepimwa kwenye joto la digri 30 na unyevu wa asilimia 80. Hiyo ni hewa ya Mombasa, au ya Matadi. Sisi tuko juu, ziwa lenyewe liko mita 1,460 juu ya bahari, na joto letu la kawaida linazunguka digri 20.

Hewa ya joto inabeba maji mengi kuliko hewa ya baridi. Chukua hewa ya kule pwani, mita moja ya ujazo, yaani sanduku la mita moja kila upande: ndani yake kuko gramu kama 24 za maji. Hapa kwetu, digri 20, unyevu wa robo tatu, ni gramu 13 hivi. Na mashini haiwezi kuyatoa yote. Ikipoza hewa mpaka digri 8, zaidi ya gramu 8 zinabaki humohumo hewani na kutoka nazo. Kwa hiyo sisi tunavuna gramu 5 tu katika kila sanduku. Wale wa pwani wanavuna mara tatu. Mashini ni ileile, isipokuwa hewa njo imebadilika.

Gramu 5 maana yake nini? Ili kupata lita moja, lazima kupitisha masanduku 200. Kikundi kinataka kutengeneza lita 100 za juisi kwa siku ya kazi. Ndani yake lita 75 ni maji. Hiyo ni masanduku 15,000 ya hewa. Chumba chetu hiki kina kama masanduku 30, kwa hiyo munapaswa kukijaza na kukimaliza mara 500, kwa siku moja, kwa ajili ya yale maji yanayoingia kwenye chupa tu.

Na yale ya kuingia kwenye chupa si mengi. Mama wa kikundi wanajua: kuosha matunda, kuosha chupa mara mbili, kuosha sufuria, kupoza, kudeki. Viwanda vikubwa vya bia, vyenye mainjinia na mashini za maelfu ya dola, bado vinatumia lita 3 mpaka 6 za maji kwa lita moja ya bia. Tuseme nyinyi ni wangalifu, munatumia 4. Lita 100 za juisi zinataka lita 400 za maji. Ni bidoni 20.

Tulisoma kompteri ya umeme kabla na baada. Kila lita ilikula zaidi ya nusu kilowati-saa. Tuipende mashini kidogo, tuseme nusu kamili. Lita 400 ni kilowati-saa 200. Tukiweka senti 25 za dola kwa kila moja, ni dola 50 kwa siku. Bidoni 20 za maji ya robine, hata mukikuta siku mbaya ambapo bidoni imepanda mpaka franka 1,000, hazifiki dola 10. Na ile juisi yote ya siku, mukiiuza, munajua wenyewe inaleta ngapi baada ya sukari, marakuja na makala. Hatuhitaji kuwaambia.

Hapo mtu wa komite alisema: "Lakini siku robine inakauka?" Hilo njo swali lenyewe, na jibu lake lilitukalisha kimya ofisini. Kumbukeni Januari 2025. Vita vilipofika mjini, maji yalikatika kwa nini? Si kwa sababu ziwa lilikauka. Umeme ulikatika, pompa zikasimama, mji mzima ukashuka ziwani na bidoni. Mwaka 2021 ilikuwa tofauti kidogo, lava ya tarehe 22 mwezi wa tano ilipita juu ya mabomba yenyewe. Lakini mara nyingi, siku robine inakufa ni siku umeme umekufa. Na mashini ya hewa inakula umeme. Siku ile munaihitaji, njo siku itakuwa sanduku la plastiki kwenye kona. Mukiweka jenereta, hesabu ya dola 50 tunaitupa, tunaandika nyingine ya kutisha zaidi.

Tuseme pia neno juu ya usafi, maana video inasema "maji safi kuliko yote". Maji yaliyotoka kwenye mvuke hayana chumvi, ni kweli, na kwa juisi hilo lingekuwa zuri, hayali ukali wa marakuja. Lakini yanashika kila kitu kilichoko hewani. Hapa hewa ina vumbi la lava, moshi wa makala, na volkano ikipumua, gesi zake. Tulifungua filta ya hewa baada ya majuma matatu. Ilikuwa nyeusi kama chini ya sufuria. Ile filta inabadilishwa, na haiuzwi Birere.

Basi, tukae na huzuni? Hapana. Tulipokuwa tunahesabu hewa, mama mmoja aliyetuletea chai alicheka, akasema: "Munatafuta maji mu hewa na mvua iko nanyesha ku mabati." Tukanyamaza. Ana haki.

Goma inapata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Nyumba ambayo kikundi kinafanyia kazi ina bati la mita kama 60. Hata tukipoteza sehemu moja kwa tano, ni lita 48,000 kwa mwaka, bila kuwasha taa. Hiyo ni siku 120 za kazi, na hatujaongeza bidoni hata moja.

Lakini hapa tusikilizane vizuri, tusije tukatengeneza video nyingine. Mvua yetu si mvua ya mahali pengine. Moshi wa Nyiragongo na Nyamulagira unabeba florini, na mvua inayopita ndani ya moshi ule inashuka nayo. Ndiyo sababu vijiji vya upande ambao upepo unapeleka moshi vina watoto wenye meno ya madoa ya kahawia. Kipimo cha OMS kwa maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita, na maji ya mvua ya vijiji vile yanaweza kupita hapo. Kuchemsha hakuondoi florini. Mukichemsha sana maji yanapungua, florini inabaki, kwa hiyo inakuwa nzito zaidi. Kule Tanzania, Ngurdoto, karibu na Arusha, wanaichuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Ni kazi nzuri, lakini inataka mtu wa kupima kila mara, na sisi hatuna mtu huyo.

Kwa hiyo pendekezo letu ni hili. Maji ya mvua yaoshe. Yaoshe matunda mara ya kwanza, sufuria, sakafu, chupa kwa sabuni. Maji yanayoingia kwenye chupa, na yale ya kusuuza mwisho, yawe ya robine, yanunuliwe siku robine inatoka, yawekwe kwenye tanki lenye kifuniko na bomba chini, si bidoni ambazo kila mtu anatumbukiza kikombe. Tanki la lita 1,000 linabeba maji ya zaidi ya siku 10 za kutengeneza juisi, hata tukihesabu ile suuzo ya mwisho. Robine ikikauka juma moja, kikundi hakigusi ziwa. Ikikauka majuma mawili, kikundi kinapumzika, na tunasema hivyo kwa wateja bila aibu. Maji yachemshwe, juisi yenyewe ipashwe moto kabla ya kufungwa, na ukali upimwe kwa zile karatasi za rangi. Kitu kidogo, lakini OCC wakija kuchukua sampuli, au nyinyi mukitaka kuingia kwenye duka kubwa, karatasi ile na daftari ya tarehe njo vitasema kwa niaba yenu. Na nanasi haihitaji maji hata kidogo. Tunashangaa kwa nini tunang'ang'ania marakuja siku zote, ila tunajua, marakuja ya soko la Virunga ni rahisi na watu wanaipenda.

Tanki, mabati ya mfereji, mabomba, karatasi za kupimia, na chupa mpya kwa awamu ya kwanza: tulizunguka kwa wauzaji watatu na bei zote zinaingia ndani ya dola 600. Akiba ya sanduku haiguswi.

Kuko jambo moja limebaki, nalo linawahusu nyinyi wafadhili. Pesa ile mulitoa kwa ajili ya mashini. Mulitumiwa hata picha yake. Tungeweza kununua mashini, kupiga picha nyingine mama akiwa amesimama kando yake anatabasamu, na kuwatumia ripoti. Mungefurahi. Badala yake tumewaandikia tena, tumeeleza hesabu hii yote, tumeomba ruhusa ya kubadilisha. Jibu halijafika. Wengine hapa wamekasirika, wanasema tungenyamaza, tununue tanki, nani atajua? Tumewasikia. Lakini mutuelle hii ina majina ya watu waliorudi, na juisi iliyovimba imeshatuonyesha jina linapotea haraka namna gani.

Yaya mweka hazina amesimama, anauliza kama tunaweza kuanza kufunga mfereji kwa kotizasiyo, tusubiri tanki baadaye. Mfereji, ndiyo. Mabati yapo, vijana wapo, misumari tunatoa sisi. Jumamosi asubuhi, kama hakuna mvua. Dola 600 ziko kwenye sanduku, funguo tatu ziko kwa wamama watatu, na hatutafungua mpaka barua irudi.